Michael Faraday: mtoto wa fundi chuma ambaye sumaku yake imefika hadi ndani ya ubongo

Kila mara kurani inaporudi usiku Bukavu ao Uvira na watoto wakapiga kelele za furaha katika avenyu, sehemu ya kelele hizo ingepaswa kumwendea mzee mmoja wa Uingereza. Mashini za Ruzizi zinageuka na kuzaa umeme kufuatana na jambo ambalo yeye aligundua mwaka wa 1831, katika jumba moja la muji wa London. Jina lake ni Michael Faraday. Wanafunzi wa sekondari wanamjua kwa sababu ya sheria inayobeba jina lake, na si wote wanaoipenda siku ya mtihani.

Kile ambacho wengi hawajui ni kwamba jambo hilo hilo la Ruzizi linatumiwa leo na wanganga wa magonjwa ya akili katika inchi nyingi. Wanaweka bobini ya waya juu ya kichwa cha mgonjwa, bila kumpasua, bila kumlaza usingizi, na kurani ndogo inazaliwa ndani ya ubongo wake. Na kuna jambo lingine ambalo vitabu vya shule vinaliruka: Faraday mwenyewe alikuwa na shida ya kichwa. Kwa zaidi ya miaka 20 alipigana na akili iliyokuwa ikimtoroka. Ndiyo sababu tumeona vema kusimulia maisha yake upya, tukianzia nyumbani kwao.

Mkate mmoja kwa juma

Faraday alizaliwa tarehe 22 mwezi wa 9 mwaka wa 1791 pale Newington Butts, upande wa kusini wa London. Baba yake, James, alikuwa fundi chuma aliyetoka kaskazini mwa inchi kuja kutafuta maisha karibu na muji mkubwa. Alikuwa na afya mbaya, na fundi chuma asiyeweza kuinua nyundo siku zote haleti feza nyingi nyumbani. Mama yake, Margaret, alilea watoto wanne. Mwaka wa 1801 bei ya chakula ilipanda sana Uingereza, na inasimuliwa kwamba Michael, mtoto wa miaka 9, alipewa mkate mmoja ambao ulipaswa kumtosha juma zima.

Shule aliyopata ilikuwa ya kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Ile hesabu kidogo ilibaki kidogo hadi mwisho wa maisha yake. Mtu ambaye jina lake liko leo katika vitabu vya fizike hakuweza kuandika hesabu ngumu. Alifikiri kwa picha, kwa mikono na kwa vyombo. Jamaa yake ilikuwa ya kanisa dogo la Wasandemani, watu waliofuata Biblia neno kwa neno na waliokataa kulimbika mali. Kanisa hilo tutakutana nalo tena, kwa sababu lilimpa amani na siku moja likamuumiza.

Alipokuwa na miaka 13 aliingia kazi kwa muuza vitabu mmoja aitwaye George Riebau. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba magazeti. Wakati ule gazeti lilikuwa na bei kali, kwa hiyo lilikodishwa: kijana anakupelekea asubuhi, kisha anarudi kulichukua ili mwengine asome. Mwaka uliofuata, 1805, Riebau alimpokea kujifunza ufundi wa kushona na kufunga vitabu kwa miaka 7, na hakumwomba feza ya kujifunza. Huyo Riebau alikuwa mtu mwema. Aliona kijana akisoma vitabu vilivyoletwa kufungwa, na badala ya kumfokea akamwacha asome. Hivyo ndivyo Faraday alivyokutana na habari ya umeme katika kitabu kikubwa cha Encyclopaedia Britannica, na habari ya kemia katika kitabu cha mama mmoja, Jane Marcet, aliyeandika kwa ajili ya watu wasiosoma sana. Akaanza kufanya majaribio kwa vyombo vya bei ndogo.

Baba yake alikufa mwaka wa 1810. Kaka yake mkubwa, Robert, aliyefuata kazi ya baba, ndiye aliyemlipia shilingi moja moja ili aende kusikiliza masomo ya jioni ya sayansi. Kisha, mwaka wa 1812, muteja mmoja wa duka, William Dance, alimpa tikiti za kwenda kumsikiliza Humphry Davy katika Royal Institution. Davy alikuwa mwanakemia maarufu kuliko wote London; watu walijazana kumwona kama vile leo wanavyojazana kwenye konseri. Faraday alikaa juu, akaandika yote, akachora vyombo, nyumbani akayaandika upya kwa mwandiko mzuri, akayafunga kuwa kitabu kwa ufundi wake mwenyewe na kumtumia Davy.

Hapo bahati mbaya za watu wawili wengine zilimfungulia mlango. Davy alijeruhiwa jicho na kitu kilicholipuka katika laboratwari yake, akahitaji mtu wa kumwandikia. Halafu, mwanzoni mwa 1813, msaidizi wa laboratwari alifukuzwa kwa sababu ya kupigana. Tarehe 1 mwezi wa 3 mwaka huo, Faraday aliandikwa kazi: shilingi 25 kwa juma na vyumba viwili chini ya paa la jumba. Aliishi katika jumba hilo karibu miaka 50.

Hatutakawia sana juu ya safari ya Ulaya ambayo Davy alimchukua mwaka huo wa 1813. Ilidumu mwaka mmoja na nusu. Faraday alimwona Ampère mjini Paris na mzee Volta katika Italia, lakini bibi ya Davy alimtendea kama mtumishi wa nyumba, hata akafikiria kuacha yote na kurudi kufunga vitabu. Hakuacha. Mwaka wa 1821 alimuoa Sarah Barnard, binti wa kanisa lao. Hawakupata mtoto. Mwaka huo huo alifaulu kuzungusha waya wenye kurani kando ya sumaku, kitu ambacho leo ni baba wa kila moteri ya umeme. Na mara moja akashitakiwa kwamba ameiba wazo la mkubwa mmoja, Wollaston. Alipopendekezwa kuingia katika Royal Society, Davy, aliyekuwa mkubwa wake na mwalimu wake, ndiye aliyejaribu kumzuia. Aliingia hata hivyo, mwanzoni mwa 1824. Hakumsema Davy vibaya hadi kufa.

Tarehe 29 mwezi wa 8

Tangu mwaka wa 1820 watu walijua, kwa kazi ya Oersted wa Denmark, kwamba waya wenye kurani unaisogeza sindano ya dira. Kurani inazaa nguvu ya sumaku. Basi kila mwenye akili akajiuliza kinyume chake: je, sumaku inaweza kuzaa kurani? Kwa miaka 10 walijaribu. Walifunga waya kuzunguka sumaku, wakangoja. Hakuna kitu.

Tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka wa 1831, Faraday alichukua pete nene ya chuma, upana wake kama sentimeta 15. Upande mmoja alizungushia waya wa shaba, akitenganisha kila mzunguko na mwengine kwa uzi na kitambaa ili waya zisigusane. Upande wa pili vilevile. Bobini mbili juu ya pete moja, bila kugusana. Ya pili aliiunganisha na waya uliopita juu ya sindano ya dira. Ya kwanza akaiunganisha na betri. Sindano ikaruka, ikatikisika, kisha ikatulia mahali pake pa zamani. Kurani ya betri ilikuwa ikiendelea kupita, lakini sindano haikusema tena kitu. Alipokata betri, ikaruka tena, upande wa kinyume.

Mwengine angefikiri kwamba meza imetikiswa. Faraday alielewa kwamba jibu lote limo katika ile mitikisiko miwili. Sumaku iliyotulia haizai kitu. Kinachozaa kurani ni badiliko: nguvu ya sumaku inapopanda, inaposhuka, inaposogea. Mtu aliyezoea jenereta ya jirani haisikii tena usiku. Anashtuka inapowaka, na anashtuka tena inapozimika. Waya ya pili ilikuwa kama huyo mtu. Tarehe 17 mwezi wa 10 akafanya kwa njia rahisi zaidi: alisukuma fimbo ya sumaku ndani ya bobini tupu, akaivuta nje. Kila mara ilipoingia ao kutoka, kurani ilipita. Na wale wa zamani walikuwa wakingoja kando ya sumaku isiyosogea.

Ni hapo Ruzizi inaanzia: maji yanageuza sumaku, nguvu ya sumaku inabadilika bila kusimama, kurani inatoka. Na ndipo ile bobini ya wanganga inaanzia pia, kwa kuwa Faraday aliona kwamba jambo hili halihitaji kugusa. Nguvu ya sumaku inapita hewani na katika vitu vingi bila kuzuiliwa. Mfupa wa kichwa ni mmoja wa vitu hivyo, ingawa yeye siku ile hakuwa akifikiria kichwa cha mtu.

Kichwa kinakataa

Miaka iliyofuata alitumika kama mtu anayefukuzwa. Alipata sheria za umeme katika kemia. Mwaka wa 1836 alijenga chumba cha mbao na waya ndani ya ukumbi wa Royal Institution, upana wake karibu mita tatu na nusu kila upande, akaingia ndani yake huku nje cheche za umeme zikiruka, ili kuonyesha kwamba ndani hazifiki. Mwaka huo pia akawa mshauri wa wale wanaosimamia minara ya taa za bahari. Mwaka wa 1838 alifanya majaribio na samaki wa Amerika ya Kusini anayetoa umeme mwilini, akapima nguvu zake, na akajiuliza wazi wazi kama nguvu inayopita katika mishipa ya fahamu ina undugu na umeme. Hili ni jambo la kukumbuka: swali la kurani na mishipa ya fahamu alikuwa nalo kichwani.

Lakini kichwa chenyewe kilianza kukataa. Kizunguzungu, maumivu, na zaidi ya yote kusahau. Kuelekea mwisho wa 1839 alianguka kwa uchovu, na munganga wake, Peter Mere Latham, akamwamuru aache kazi. Mtu wa miaka 48, mtafiti mkubwa kuliko wote wa wakati wake katika mambo ya umeme, akakatazwa kufikiri. Sarah alipunguza wageni na mialiko. Mwaka wa 1841 walikwenda Uswisi pamoja na ndugu ya Sarah, George, aliyekuwa mchoraji. Huko mwili wake ulionekana hauna kasoro: siku moja alivuka mlima kwa miguu na kutembea zaidi ya kilometa 70. Miguu ilikuwa ya kijana. Ni kumbukumbu tu ambayo haikurudi sawasawa.

Barua zake kwa marafiki zinaeleza hali hiyo bila aibu, na hilo si jambo dogo kwa mtu mashuhuri wa wakati ule, wala wa wakati huu. Aliwaambia kwamba maneno yanamponyoka akiyaandika, kwamba anasahau alichosoma, kwamba anaona huzuni mbele ya kazi anayoweza kuianza lakini hawezi kuishika yote kichwani. Leo wapo wanaoshuku zebaki aliyoipumua miaka mingi katika laboratwari, wapo wanaosema ni uchovu tu, wapo wanaotaja huzuni kubwa. Sisi hatutampima mtu aliyekufa zamani. Tunaona tu kwamba alisema mambo yake kwa watu, na kwamba watu wake walimwamini.

Si wote. Mwaka wa 1844, wakati alikuwa bado dhaifu, kanisa lake, ambamo alikuwa mzee wa kanisa tangu 1840, lilimtenga pamoja na waumini wengine kadhaa. Ilikuwa kwa majuma machache tu, kisha akapokelewa tena, lakini cheo cha uzee hakurudishiwa hadi 1860. Mnaomjua mtu aliyetengwa na kanisa lake mnajua inavyomla usiku. Kwa Faraday, kanisa hilo lilikuwa jamaa, marafiki, bibi, yote. Aliendelea kwenda.

Halafu kikatokea kitu ambacho, kwa maoni yetu, ni kikubwa kuliko ile pete ya chuma. Alirudi. Tarehe 13 mwezi wa 9 mwaka wa 1845 alipitisha mwanga katika kipande cha kioo kizito kilichowekwa kati ya ncha za sumaku ya nguvu, akaona sumaku inageuza mwanga. Mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa ameonyesha kwamba vitu hivyo viwili vina uhusiano. Majuma machache baadaye akaona kwamba vitu karibu vyote, hata kioo, mbao na nyama, vinaitika mbele ya sumaku kwa kiasi fulani. Alikuwa na miaka 54, na kumbukumbu yenye matundu.

Aliwezaje? Jibu liko katika madaftari yake. Tangu 1832 alitia namba kila fungu la maneno aliloandika, moja baada ya lingine, na hakuanza upya kuhesabu. Mwishoni zilipita 16,000. Akitaka kukumbuka, hakuuliza kichwa chake, aliuliza daftari. Hata hivyo haikutosha siku zote. Kuna wakati alitumika majuma kadhaa juu ya jambo moja, akapata majibu, kisha akifungua daftari akakuta kwamba alikwisha kuyapata yote miezi michache mbele. Mwandiko ulikuwa wake. Hakukumbuka kitu.

Meza zinazogeuka

Katika maisha yake kuna kipindi kimoja ambacho wanaouza bangili za sumaku sokoni wasingependa kikisimuliwa. Kabla ya kuzaliwa kwake, munganga mmoja, Mesmer, alitajirika Vienna na Paris kwa kusema anaponya watu kwa nguvu ya sumaku iliyomo mwilini mwa wanyama na watu. Mwaka wa 1784 mfalme wa Ufaransa aliweka tume, ndani yake Lavoisier na Franklin, na tume ikasema nguvu hiyo haiko. Kuna mawazo ya mgonjwa tu. Lakini habari hiyo haikufa. Mwaka wa 1853 London yote ilishikwa na mchezo mpya: watu wanakaa kuzunguka meza, wanaweka mikono juu, meza inageuka. Wengine walisema ni roho, wengine ni umeme, wengine ni sumaku. Na kila mtu alitaka Faraday aseme.

Hakucheka watu. Alitengeneza chombo kidogo cha karatasi ngumu zilizobandikwa kwa gundi laini, akaiweka kati ya mikono na meza. Kama meza ndiyo inayovuta mikono, karatasi za chini zitatangulia. Kama mikono ndiyo inayosukuma, za juu zitatangulia. Za juu ndizo zilizotangulia. Watu wema, wasiodanganya, walikuwa wakisukuma bila kujijua. Akaongeza kijiti kilichoonyesha kila msukumo mdogo. Mara walipokitazama kile kijiti, meza ikasimama. Aliandika habari hiyo katika gazeti la The Times, na akalalamika kwamba shule hazifundishi watu kujihoji wenyewe. Alipata barua nyingi za matusi.

Kwa hiyo tukisema leo kwamba sumaku inatumiwa kutunza ubongo, tusichanganye. Bangili ya sumaku imetulia mkononi. Kwa sheria ya Faraday, sumaku iliyotulia juu ya mwili uliotulia haizai kurani yoyote. Kile wanganga wanachofanya ni kinyume cha kutulia.

Miaka ya mwisho

Faraday alikataa kuwa mkubwa wa Royal Society. Hakutaka vyeo vya heshima. Mwaka wa 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa bure pale Hampton Court, na hiyo aliipokea, kwa kuwa hakulimbika mali. Aliendelea kufundisha watoto wakati wa Noeli, kazi ambayo yeye ndiye aliyeifanya ipendwe. Masomo yake juu ya mshumaa unaowaka yalichapishwa mwaka wa 1861 na bado yanasomwa. Mwaka huo huo aliomba kuacha kazi, akieleza kwamba kumbukumbu imemwacha. Wakubwa wa Royal Institution walimwachilia kidogo kidogo.

Mwishoni aliongea kidogo sana. Mpwa wa Sarah, Jane Barnard, aliishi nao na kumsaidia. Alikaa dirishani akitazama jua likishuka. Tarehe 25 mwezi wa 8 mwaka wa 1867 alikufa akiwa ameketi kwenye kiti chake. Hakuzikwa pamoja na wakubwa katika Westminster; alizikwa Highgate, watu wachache wakiwapo, kama alivyotaka.

Bobini juu ya kichwa

Jina lake lilikuwa limeingia katika uganga angali hai. Kule Ufaransa, munganga Duchenne wa Boulogne alitumia kurani iliyozaliwa kwa njia ya Faraday kuchochea misuli ya watu waliopooza, na Wafaransa wakaita kazi hiyo faradizasyo. Lakini hapo kurani ilipita kwenye ngozi, nayo inaumiza. Mwaka wa 1896 mjini Paris, Arsène d'Arsonval aliweka kichwa cha mtu ndani ya bobini kubwa yenye kurani inayobadilika. Yule mtu aliona mimuliko ya mwanga machoni, ingawa hapakuwa na taa. Mwaka wa 1910 Silvanus Thompson alifanya jaribio la namna hiyo London, akaona mimuliko ile ile. Huyo Thompson alikuwa ameandika kitabu cha maisha ya Faraday miaka 12 mbele. Alijua vizuri alikoweka kichwa chake.

Ilibidi kungoja hadi 1985. Mjini Sheffield, Anthony Barker na wenzake walitengeneza mashini inayoweza kupitisha kurani kubwa sana katika bobini kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Waliiweka juu ya kichwa, upande unaoendesha mkono, wakabonyeza. Kidole kikaruka. Mtu hakusikia maumivu makali, hakupasuliwa, na mkono wake ulikuwa umeamriwa kutoka nje. Ni pete ya 1831: bobini ya kwanza iko mikononi mwa munganga, na mahali pa bobini ya pili umewekwa ubongo wenyewe, ambao seli zake zinaongea kwa kurani ndogo. Nguvu ya sumaku inapanda na kushuka ghafla, kurani inazaliwa chini ya mfupa, kama sentimeta mbili ao tatu ndani.

Kisha wanganga waliuliza: tukirudia mapigo hayo siku nyingi, mahali pamoja, je, ubongo unabadilika? Katika miaka ya 1990 walianza kujaribu kwa wagonjwa wa huzuni kubwa, ile inayoitwa depresyoni, wakilenga sehemu ya mbele ya ubongo, zaidi upande wa kushoto, ambayo kwa wagonjwa hao mara nyingi inatumika kwa uvivu. Mwaka wa 2008 Marekani iliruhusu mashini ya kwanza kwa watu wazima ambao dawa haikuwasaidia. Mwaka wa 2018 ikaruhusu pia kwa wale wanaosumbuliwa na mawazo ya kujirudia, kama mtu anayenawa mikono mara 50 na bado haamini kwamba imetakata.

Mgonjwa anakaa kwenye kiti, macho wazi, masikio yamezibwa kwa sababu bobini inapiga kelele, ta-ta-ta-ta, kama mdomo wa ndege kwenye bati. Anasikia kugongwa-gongwa kwenye ngozi ya kichwa. Inachukua dakika 20 hadi 40, na kuna namna mpya ya dakika 3 hivi. Anarudi kesho, siku tano kwa juma, kwa majuma manne hadi sita. Anajiendea nyumbani kwa miguu yake. Hii si ile shoki ya umeme inayolaza mtu na kumtikisa mwili, ambayo wengi wanaiogopa. Shoki ile ilianzia Italia mwaka wa 1938, bado inatumiwa kwa wagonjwa wazito sana, na moja ya kasoro zake ni kwamba inaweza kufuta sehemu ya kumbukumbu. Bobini haina kasoro hiyo kwa kawaida. Inaleta maumivu ya kichwa kwa baadhi, mara chache sana inaamsha kifafa, na mtu mwenye kipande cha chuma kichwani hapaswi kuikaribia. Haiponyi kila mtu. Wengine wanapata nafuu kubwa, wengine nusu, wengine hawapati kitu, na wapo wanaorudiwa na ugonjwa baada ya miezi. Isitoshe mashini na kurani isiyokatika vina bei, jambo ambalo msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa.

Pete ya chuma ya mwaka wa 1831 bado iko katika Royal Institution, barabara ya Albemarle, London, pamoja na uzi na kitambaa alichokizungusha kwa mikono ya mfunga vitabu. Wageni wanaishuka ngazi kwenda kuitazama, katika jumba lile lile ambamo alipewa shilingi 25 kwa juma, na madaftari yenye namba yamehifadhiwa humo pia.